Bibi anang'ara Jumapili, nani anamwona Jumatano usiku?

Mtoto wa miaka sita ndiye aliyeona. Watu wazima wanne walikuwa wamekaa chumbani humo zaidi ya saa nzima. Walishakula maandazi, walishapiga picha na kuzituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, walishamwombea mgonjwa, na sasa walikuwa wanaulizana habari za foleni ya kurudi mjini. Mtoto alikuwa anacheza sakafuni, upande wa miguuni mwa kitanda. Akainua kichwa akauliza, "Bibi, mbona kisigino chako kimekuwa cheusi?"

Familia hii ni ya mfano tu, lakini msomaji mwenye mzazi aliyelala kitandani hatashangaa kuikuta mtaani kwake. Bibi ana miaka 76. Kiharusi kilimchukua upande mzima wa kulia, mkono na mguu, na maneno yake yanatoka kwa taabu. Watoto wake watatu walimuuguza nyumbani kwa miezi minane. Wasichana wa kazi wakaja na kuondoka, mgongo wa binti mkubwa ukaumia kwa kumnyanyua, na mwisho wakachanga fedha wakampeleka kwenye kituo binafsi cha kulea wazee nje kidogo ya mji. Kila Jumapili baada ya ibada wanakwenda kumwona, na kila Jumapili wanamkuta ameogeshwa, amesukwa, amefungwa kitenge safi. Picha anazotumiwa binti wa mwisho aliyeko Uingereza zinapendeza.

Lakini kisigino cheusi hakianzi siku ya Jumapili.

Binti huyo wa Uingereza naye anafanya kazi ya kutunza wazee, kama Watanzania na Wakenya wengi walioko huko. Alipopigiwa simu jioni ile hakuuliza habari za maandazi. Alisema, "Kesho mtu aende, amgeuze mama ubavu, aangalie juu ya makalio, kwenye ule mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Halafu anipigie kwa video." Kaka yake alikwenda. Alikuta kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda.

Ukatili usio na fimbo

Neno ukatili likitajwa, wengi huwaza kofi au fimbo. Vipo. Juni 2023 kipindi cha BBC Africa Eye kilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri kwenye makazi ya wazee yaliyoko Kikuyu, nje ya jiji la Nairobi, na humo watazamaji waliona mzee akichapwa. Wengi nchini Kenya waliizungumzia. Watu walishtuka kwa sababu wengi huamini mambo hayo ni ya Wazungu wanaowatupa wazazi wao, si ya kwetu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi alifanyiwa ukatili wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja akiwa anaishi kwenye jamii, yaani nyumbani miongoni mwa watu wake. Kwenye vituo hali ni nzito zaidi: katika tafiti ambazo shirika hilo linazitumia, wafanyakazi wawili kati ya watatu walikiri wenyewe kwamba waliwahi kumtendea mzee vibaya katika mwaka uliopita. Hao ndio waliokiri.

Sehemu kubwa ya madhara, hata hivyo, haitokani na mkono ulioinuliwa. Inatokana na jambo ambalo halikufanyika. Maji hayakuletwa, nepi haikubadilishwa, mgonjwa hakugeuzwa, dawa ya presha iliisha Jumatatu na hakuna aliyesema hadi Ijumaa. Kiswahili hatuna neno moja linalolibeba vizuri jambo hili. Tunasema kutelekeza, lakini kutelekeza kunaleta picha ya mtu aliyeachwa porini. Mzee anaweza kutelekezwa akiwa ndani ya chumba chenye feni na kalenda ya mwaka huu ukutani.

Septemba 2017, katika mji wa Hollywood, jimbo la Florida nchini Marekani, kimbunga Irma kilikata umeme uliokuwa unaendesha mitambo ya kupoza hewa kwenye kituo kimoja cha wazee. Wazee waliachwa kwenye joto kali kwa siku kadhaa. Hospitali kubwa yenye ubaridi ilikuwa jirani kabisa, ng'ambo ya barabara. Vifo 12 vilihusishwa na joto lile. Hakuna mzee aliyepigwa. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilitunga sheria ya kuvilazimisha vituo kuwa na jenereta, na mwaka 2023 jaji alimwachia huru aliyekuwa mkuu wa kituo. Msomaji anaweza kubishana na hukumu, lakini swali la kujifunza ni dogo na la karibu zaidi: umeme ukikatika usiku kwenye kituo alipo mama, nani anaamka?

Ngozi husema kabla ya mdomo

Kidonda cha bibi kinaitwa kidonda cha mgandamizo. Mwili ukilala upande mmoja kwa muda mrefu, mfupa unaibana nyama dhidi ya godoro, damu haipiti, na nyama inaanza kufa kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo kinachoonekana juu ya ngozi mara nyingi ni kidogo kuliko kilichopo chini. Kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, madhara yanaweza kuanza ndani ya saa chache tu. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kumgeuza takriban kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kuweka mto kati ya magoti na chini ya ndama za miguu ili visigino vielee.

Mahali pa kuangalia ni palepale siku zote: mfupa wa juu ya makalio, nyonga zote mbili, visigino, viwiko, mabega upande wa nyuma, na kisogo. Vitabu vingi vya afya vinasema dalili ya kwanza ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni sehemu iliyokolea weusi kuliko jirani yake, au yenye rangi ya zambarau, na ukiigusa kwa kiganja ni ya moto, ngumu, au imekuwa laini kama embe lililoiva upande mmoja. Mgonjwa anaweza kuguna ukiigusa. Hapo ngozi bado haijapasuka, na hapo ndipo pa kuokoa. Ikishapasuka ni miezi ya kusafisha kidonda, na vidudu vikiingia kwenye damu mzee anaweza kufa.

Sasa, kuna tatizo la adabu. Mtoto wa kiume hatamfunua mama yake, na mkwe hatamfunua baba mkwe. Heshima hiyo ni nzuri na haina haja ya kuvunjwa. Ila lazima apatikane mtu mmoja, binti, mjukuu mkubwa, shangazi, au muuguzi wa kulipwa asiye mfanyakazi wa kituo, ambaye kazi yake ni kumwogesha mzee angalau mara moja kwa wiki. Kuoga ndiyo nafasi pekee ya kuuona mwili mzima bila kumdhalilisha mtu. Familia ya bibi ilimtembelea kwa miezi mitatu bila hata mmoja wao kumwona mgongo.

Michubuko nayo inahitaji akili tulivu. Ngozi ya mzee ni nyembamba na hubadilika rangi kwa kuguswa kidogo, hasa kwa wanaotumia aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Alama kwenye muundi au nyuma ya mkono zinaweza kuwa za ukingo wa kitanda. Za kushtua ni zile zilizo mahali ambapo mtu hajigongi kirahisi: shingoni, masikioni, ndani ya mapaja, makalioni, nyayoni. Alama za vidole kwenye mikono yote miwili ya juu, kama mtu aliyekamatwa na kutikiswa. Mstari unaozunguka kifundo cha mkono, kama wa kamba au kitambaa. Na jeraha lolote ambalo maelezo yake hubadilika kulingana na nani aliyeulizwa.

Glasi ya maji inayopunguzwa makusudi

Mhudumu aliyechoka hujifunza haraka hesabu moja: mzee akinywa kidogo, atakojoa kidogo. Nepi zinapungua, mashuka yanapungua. Kwa mzee hesabu hiyo ni hatari, kwa sababu kadiri umri unavyokwenda mwili hupoteza hisia ya kiu. Haombi maji hata anapoyahitaji. Dalili ni ulimi mkavu wenye nyufa, midomo iliyobanduka, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi na harufu kali, na kuchanganyikiwa kwa ghafla. Hili la kuchanganyikiwa familia nyingi hulipitisha kwa neno "uzee". Mtu aliyekuwa anawatambua wajukuu wiki iliyopita na leo anawaita kwa majina ya marehemu hajazeeka ndani ya wiki moja. Anaweza kuwa amekaukiwa maji, ana maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, au malaria. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Uzito unadanganya kwa sababu nguo huuficha. Pete inayozunguka kidoleni, meno ya bandia yanayocheza, sidiria au mkanda uliovuka matundu mawili, hayo husema mapema zaidi. Kama kipo kipimo, kupoteza kilo tatu kwa mwezi kwa mtu aliyekuwa na kilo 60 si jambo la kusubiri.

Halafu kuna utulivu. Ndugu wengi hufurahi wakimkuta mzee msumbufu ametulia, na wanamsifu mhudumu. Waulize alichopewa. Piriton na dawa nyingine za mafua zinazoleta usingizi zimezoeleka mno majumbani, na wapo wanaowapa hata watoto ili walale. Kwa mzee huongeza kuchanganyikiwa, huziba mkojo, huleta choo kigumu, na humfanya aanguke anapojaribu kuamka. Dawa za magonjwa ya akili ni nzito zaidi. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwamba baadhi yake zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Daktari anaweza kuziandika kwa sababu maalumu. Mhudumu hawezi. Kila kidonge kilicho kando ya kitanda kiwe na jina la daktari nyuma yake, na kama hakina, kiulizwe.

"Sijambo mwanangu"

Wazee hawasemi. Atasema "sijambo mwanangu, wananitunza vizuri", na atasema hivyo huku simu ikiwa imeshikwa na mtu anayemwogopa, spika ikiwa wazi. Familia nyingi huwasiliana na wazazi wao kwa simu ya mhudumu. Ni sawa na kumuuliza mwanafunzi habari za mwalimu mbele ya mwalimu.

Ana sababu zake za kunyamaza. Anajua mhudumu akifukuzwa leo, usiku wa leo hakuna wa kumpeleka chooni. Anajua watoto waligombana kuhusu michango na hataki kuwa mzigo tena. Wengine wanaona aibu tu, mtu aliyewalea watu saba kusema kwamba msichana wa miaka 20 anamfokea na kumwita mchafu. Aliyepata kiharusi anataka kusema na ulimi haumtii.

Njia iliyo rahisi ni simu ndogo ya vitufe, kitochi, iliyo yake mwenyewe, yenye namba za watoto zilizowekwa kwenye vitufe vya kupiga haraka. Asiyeweza kuzungumza anaweza kukubaliwa ishara, mfano kubana mkono mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, na aulizwe akiwa na mwanawe peke yao, mlango umefungwa. Maswali yawe madogo. "Unaogopa mtu hapa?" hujibika. "Wanakutunza vizuri?" hujibiwa ndiyo hata na anayepigwa. Uso wake mhudumu anapoingia chumbani ni jibu pia: wapo wazee wanaokunja mabega au kunyamaza katikati ya sentensi.

Simu hiyo hiyo ndiyo mlango wa wizi. Namba ya siri ya pesa za simu mara nyingi inajulikana na kila aliyewahi kumsaidia mzee kutoa fedha. Wizi wa aina hii haufanywi na wahudumu peke yao, na hapa wasomaji wengine watakunja uso: mara nyingi mkono uliomo mfukoni mwa mzee ni wa mwanawe au mjukuu. Mtoto anayechukua pensheni ya baba na kumletea nusu, mjukuu anayeweka dole gumba la bibi kwenye karatasi ya kuuza kiwanja bibi akiwa hajui asubuhi na jioni. Zanzibar, ambako wenye miaka 70 na zaidi wanalipwa pensheni jamii tangu mwaka 2016, fedha hizo zinaweza kuwa ndizo pekee alizo nazo mzee. Kuzila ni ukatili kama ukatili mwingine, hata kama aliyezila ndiye anayemnunulia sabuni.

Mhudumu mmoja, wazee kumi na wanne

Kaka wa familia ile alirudi kituoni Jumatano saa mbili usiku bila taarifa. Mlinzi alisita kumfungulia, akasema muda wa wageni umepita. Ndani alikuta taa za vyumba zimezimwa na msichana mmoja wa miaka ishirini na ushee akihangaika na wazee 14. Chakula cha jioni kilikuwa kimeliwa saa kumi, kwa sababu mpishi huondoka saa kumi na moja. Kingine kingekuja saa mbili asubuhi. Saa 16 tumbo tupu, kwa mtu mwenye kisukari. Nepi zilizofungwa saa kumi na mbili jioni zingefunguliwa kukikucha.

Alikuwa amejiandaa kufoka. Msichana alipoanza kulia, akakosa cha kusema. Alikuwa hajafundishwa kumnyanyua mgonjwa wala kumgeuza. Alikuwa na siku ya tisa mfululizo bila mapumziko. Aliulizwa kwa nini bibi anabadilishwa mara mbili tu kwa siku, akajibu kwamba nepi zinazoletwa na familia zinatosha mara mbili tu. Hilo lilikuwa kweli. Kaka mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu hiyo walipokuwa wanapunguziwa ada, pakiti ngapi kwa mwezi, na hakuwahi kumuuliza mtu anayezitumia.

Wapo wahudumu wakatili na wanastahili mkono wa sheria. Lakini anayepanga mtu mmoja awatunze wazee 14 usiku kucha amekwisha kuamua kwamba wengine watalala kwenye mkojo, awe anajua au hajui. Nyumbani nako ni vilevile. Dada wa kazi anayepika, anayefua, anayewapeleka watoto shule na anayemuuguza babu, saa 24, siku saba, kwa mshahara ule ule aliokuwa akipewa kabla babu hajaugua, ni ajali inayosubiri siku. Siku moja ya mapumziko kwa wiki, mtu wa pili wa kusaidiana kunyanyua, na nusu saa ya muuguzi wa zahanati kumwonyesha namna ya kugeuza na kuogesha kitandani, ni kinga kuliko kamera yoyote.

Kamera zina mjadala wake. Wengine wanazifunga kwa siri ndani ya saa ya ukutani. Sebuleni au kwenye korido, mhudumu akiwa ameambiwa, hakuna ubaya. Chumbani mzee anapooga na kubadilishwa ni jambo jingine: huyo ni mtu mzima mwenye aibu yake, na picha zake zitakaa kwenye simu za watu watano. Aulizwe kwanza kama bado anaweza kujibu.

Kabla ya kulipa ada

Tanzania ina vituo vya serikali kwa wazee wasiojiweza, kama Nunge kule Kigamboni, na Zanzibar kuna Sebleni na Welezo. Hivyo ni kwa wazee wasio na wa kuwatunza. Vituo binafsi vya kulipia bado ni vichache na vinaongezeka, na Uingereza ya binti yule ina jambo ambalo mzazi wa hapa hana: ripoti ya mkaguzi iliyo wazi mtandaoni, inayosema kituo fulani ni kizuri au hakifai. Hapa familia ndiyo mkaguzi wa kwanza. Aombe kuona usajili wa kituo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ndiko pa kuuliza kama unatambuliwa.

Baada ya hapo maswali mazuri ni ya usiku. Wangapi wanalala zamu, na kwa wazee wangapi? Yupo muuguzi mwenye leseni, au anapita mara moja kwa wiki? Mzee akianguka saa nane usiku, gari liko wapi? Daftari la kugeuza wagonjwa liko wapi, na linajazwa muda ule ule au linajazwa lote asubuhi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja? Mgeni aombe kuona choo, jiko na mahali nguo zinapoanikwa kabla ya kuoneshwa sebule yenye viti vipya. Harufu ya mkojo kwenye korido mara moja ni ajali, harufu iliyoingia ukutani ni utaratibu wa nyumba. Na kituo kinachokataa kabisa wageni nje ya saa zake, hata mtoto wa mgonjwa, kimeshajibu maswali mengine yote.

Familia ikubaliane kugawana siku badala ya kwenda wote kwa basi moja Jumapili. Mmoja aende saa ya chakula, akae, amwone mzee akila na nani anamlisha na kwa haraka gani. Mwingine aende usiku. Walioko mbali wapewe simu ya video isiyo na ahadi.

Ukishaona

Kosa la kwanza la wengi ni kugombana na mhudumu kisha kuondoka na kumwacha mzee mikononi mwake. Kwanza mzee awe salama, ugomvi utasubiri. Akiwa na kidonda, homa, kuchanganyikiwa kwa ghafla au jeraha, aende hospitali, na daktari aambiwe wazi kinachoshukiwa ili akiandike. Picha zipigwe zikiwa na tarehe, na kando yake kiwekwe kitu kama sarafu kuonesha ukubwa. Zisitumwe kwenye makundi. Kila maelezo yaandikwe: nani alisema nini, saa ngapi.

Kama ni kipigo au unyanyasaji wa kingono, ni kesi ya jinai. Familia itahitaji fomu ya polisi, PF3, na vituo vingi vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto ambalo limezoea kusikiliza mambo ya ndani ya nyumba. Mgonjwa aliye mahututi atibiwe kwanza. Kwa uzembe, pa kuanzia ni ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, na mwenyekiti wa mtaa kama mzee yuko nyumbani. Zanzibar ina sheria yake ya masuala ya wazee tangu mwaka 2020. Bara kuna Sera ya Taifa ya Wazee iliyotungwa kwanza mwaka 2003, na makosa ya kupiga, kujeruhi na kuiba yanashughulikiwa na sheria za kawaida za jinai. Malalamiko kwa mwenye kituo yawe kwa maandishi na nakala ibaki.

Watoto wa bibi hawakumhamisha. Walizunguka vituo viwili vingine wakaona hali ni ileile, na nyumbani hakukuwa na mtu wa mchana. Walirudi kwa mwenye kituo wakiwa na familia nyingine nne zenye wazee humo, na walipokuwa watano alisikiliza alichokataa kusikia kwa mmoja. Akaajiri mhudumu wa pili wa usiku. Ada ikapanda, wakalipa. Nepi zikawa nne kwa siku, uji wa usiku ukaanza kutolewa saa mbili, na godoro la hewa likaagizwa kwa mchango wa aliyeko Uingereza.

Kidonda kilichukua miezi minne kufunga. Jumapili wanaendelea kwenda, na maandazi bado yapo. Mtoto yule siku hizi akifika huvua viatu, huenda moja kwa moja miguuni mwa kitanda, na bibi humwinulia kitenge mwenyewe kwa mkono wa kushoto.